Uliza Ujibiwe: Hudi ya Lenzi Isiyokamua Mfuko

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: hudi, ile kofia ya plastiki, mpira au chuma inayokaa mbele ya lenzi kuzuia mwanga wa pembeni. Tumezichagua zilizobeba maswali ya wengi, na tumezijibu kwa kirefu pale palipohitaji.

SWALI: Salaam wahariri. Nina Canon ya sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo, yaani APS-C, na lenzi mbili: ya milimita 50 f/1.8 STM na ile ya 18-55 IS STM. Dukani nimeonyeshwa hudi moja iliyoandikwa 58mm, nikaambiwa itaingia zote mbili. Nina shilingi 1,500 tu. Niichukue?
*Msomaji, Kongowea*

JIBU: Usiichukue, ndugu yetu. Nyuzi za filta, ile mistari ya kusokotea iliyo mbele ya lenzi, kwenye 50 STM ni milimita 49, kwenye 18-55 ni 58. Hudi ya nyuzi za 58 haiwezi kushika kwenye 49 mpaka uongeze pete ya kupandishia, na hapo umenunua vitu viwili kwa kazi ya kimoja. Namba hiyo unayoiona mbele ya lenzi, karibu na alama ya duara lililokatwa kwa mstari, ni ya filta. Hudi ya kuchomeka, ile unayoiingiza kwenye mifereji ya nje ya lenzi na kuizungusha mpaka ilie "tik", hutafutwa kwa kodi yake, yaani herufi na namba za modeli. Ya 50 STM ni ES-68. Ya 18-55 STM ni EW-63C. Ziandike kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na usikubali kuuziwa "inayofanana nayo".

Kodi za Canon zinasomeka: EW ni za lenzi pana, ES za kawaida, ET za kuvuta mbali. Namba inakupa takriban ukubwa wa sehemu inayoshika lenzi kwa milimita, na herufi ya mwisho inatenganisha maumbo. Herufi hiyo ndiyo inayowaponza wengi, maana EW-63B na EW-63C zote ni za 63 lakini kila moja ina lenzi zake. Kwa Nikon, HB ni ya kuchomeka, HN ni ya nyuzi, HR ni ya mpira, na namba inayofuata ni ya mfuatano tu, haisemi kipimo. HB-46 ni ya 35mm f/1.8G DX, HB-47 ni ya 50mm f/1.8G, zimepakana kwa namba na haziingiliani. Jambo jingine la kukumbuka unaponunua lenzi ya mkono wa pili: Nikon nyingi hutoka kiwandani na hudi ndani ya kisanduku, kwa hivyo mwambie muuzaji akupe ya kwake. Lenzi za Canon zisizo za daraja la L, lile la juu, kwa kawaida huuzwa bila hudi, na kumdai muuzaji ni kumwonea.

Je, uchukue halisi au ya kuiga? Chukua ya kuiga, mradi kodi ni ile ile. Hudi haina kioo wala umeme. Kazi yake ni kuweka kivuli mahali panapotakiwa, na plastiki yoyote yenye umbo sahihi na weusi usiong'aa inaifanya. Ya kuiga huharibikia sehemu tatu, na zote unaweza kuzikagua hapo hapo kaunta ukiwa na lenzi yako mkononi. Kwanza meno ya kuchomekea: izungushe mpaka ishike, kisha itikise kidogo kwa vidole viwili. Ikicheza pembeni au ikizunguka kupita alama yake, irudishe. Pili, igeuze nyuma-mbele uone kama inakaa vizuri kwa kuhifadhiwa, na ujaribu kuvua na kuvisha kifuniko cha lenzi ikiwa imevaliwa. Tatu, washa tochi ya simu, mulika ndani ya hudi kwa pembe, halafu uchungulie. Ukiona ukanda mweupe unaong'aa, plastiki hiyo itarusha mwanga kwenye kioo badala ya kuumeza.

Kama pesa inatosha moja tu, anza na ES-68. Sababu ni ya kihesabu, na hesabu hii itakufaa kwa hudi yoyote: chukua nusu ya ulalo wa sensa (pembe hadi pembe), gawanya kwa milimita za lenzi, zidisha kwa kina cha hudi. Jibu ni kiasi ambacho mdomo wa hudi unatakiwa upanuke kila upande, kuanzia ukingo wa kioo, ili usiingie kwenye picha. Sensa ya APS-C ya Canon ina ulalo wa karibu milimita 26.8, nusu yake 13.4. Kwa lenzi ya 50, hudi ya kina cha milimita 30 inataka kupanuka milimita 8 kila upande. Kwa milimita 18 za zumu yako, ile 18-55, hudi ya kina cha milimita 10 peke yake tayari inataka 7.4. Ndiyo maana hudi za zumu pana ni fupi: zimekatwa kwa ajili ya upande wa 18, na ukivuta mpaka 55 unabaki na theluthi moja tu ya kina ambacho ungeweza kuwa nacho. Lenzi isiyo na zumu ndiyo inayofaidi hudi.

Tena, kwenye 50 STM usidanganyike na hudi ya chuma ya nyuzi hata kama ni ya 49. Nyuzi za lenzi hiyo ziko kwenye bomba la ndani linalotoka na kuingia wakati wa kufokasi. Ukining'iniza chuma pale unailemea mota, na hudi ikigonga mlango, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye bomba hilo. ES-68 inakaa kwenye mwili wa nje usiosogea na kulikinga bomba.

SWALI: Nimenunua hudi ya nyuzi yenye ndimi kama ua kwa 18-55 IS II yangu. Picha nyingine ziko sawa, nyingine zina weusi kwenye pembe. Nimeikaza zaidi lakini wapi.
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Kukaza hakutasaidia. Kwenye 18-55 za zamani, IS na IS II, mbele ya lenzi huzunguka wakati wa kufokasi, na hudi ya nyuzi huzunguka nayo. Hudi ya ndimi imekatwa hivyo kwa sababu picha ni ya mstatili: ndimi ndefu zinatakiwa ziwe juu na chini, fupi kushoto na kulia, na mikato mirefu ielekee pembe nne. Ikizunguka nusu robo, ulimi mrefu unaangukia penye pembe ya picha. Ndiyo maana umepata zilizo sawa na zilizoharibika kwa hudi ile ile: umbali wa kufokasi ulibadilika.

Lenzi yako inataka hudi ya duara. Kodi yake ni EW-60C. Wenye 75-300 III nao wako kwenye hali hiyo, na yao ni ET-60, ya duara vilevile.

Hata kwa lenzi isiyozunguka, hudi ya ndimi ya nyuzi ni ya kubahatisha, kwa kuwa inasimama pale nyuzi zinapoishia, na hapo huenda isiwe wima. Chache zina pete ya kufungia inayokuruhusu kunyoosha ndimi kisha ukakaza. Kama haina pete hiyo, mwachie muuzaji.

Kupima weusi wa pembe fanya hivi. Zima kwenye kamera ule urekebishaji wa mwanga wa pembe, la sivyo utakuficha tatizo. Weka zumu kwenye upana wa mwisho, fokasi mbali kabisa, piga anga tupu isiyo na jua mara mbili: moja kwa tundu la lenzi lililo wazi kabisa (namba ya f iliyo ndogo zaidi), moja kwa f/16. Kisha vua hudi urudie zote mbili. Weusi unaoonekana hata bila hudi ni wa lenzi yenyewe. Unaotokea ikiwa imevaliwa tu ni wa hudi. Kwa f/16 utauona una ukingo uliokatika, na kwa tundu wazi unayeyuka taratibu. Filta ikiwa chini ya hudi, pima nayo ikiwa mahali pake, maana unene wake unaisogeza hudi mbele.

SWALI: Napiga picha za familia ufuoni Nyali asubuhi. Hudi ninayo, ya kodi sahihi, lakini picha zinazoelekea baharini bado zinapauka na kuwa na viduara vya rangi. Je, hudi yangu ni mbovu?
*Dada wa Nyali*

JIBU: Hudi yako ni nzima, dada yetu. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hivyo saa kumi na mbili u nusu asubuhi ukiwatazamisha watu nchi kavu na wewe ukaelekea baharini, jua liko ndani ya picha au pembeni kidogo tu ya fremu. Hudi hukinga mwanga unaotoka nje ya eneo la picha. Jua likiwa ndani ya fremu hakuna hudi duniani itakayokusaidia, na likiwa pembeni kidogo, hudi ya zumu ni fupi mno kulifikia.

Namna ya kujua ni kutazama kioo chenyewe. Shika kamera ilivyo wakati wa kupiga, halafu uchungulie mbele ya lenzi kutoka pembeni. Jua likiwa linagusa kioo, hata ukingoni, tarajia kupauka. Hapo mtu asimame upande wa jua aweke kitabu au kiganja hewani mpaka kivuli kiangukie kioo chote, huku wewe ukitazama kwenye skrini ili mkono usiingie kwenye picha. Kivuli hicho ni bora kuliko hudi yoyote ya kununua, kwa sababu kinawekwa panapohitajika.

Kisha vua filta ya UV ya bei rahisi. Kile kioo cha bapa mbele ya lenzi kinarudisha nyuma mwanga ulioakisiwa na vioo vya ndani, na viduara vyako vya rangi huenda nusu yake vinatoka hapo. Safisha na chumvi. Kusi likivuma, rasharasha la bahari hukaa kwenye kioo kama utando usioonekana mpaka jua liupige, na picha ikapauka vile vile kama mtu asiye na hudi. Puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye majimaji ya kusafishia lenzi. Ukifuta kabla ya kupuliza, unasugua kioo kwa mchanga.

Saa sita mchana shida inageuka. Mombasa iko kama digrii 4 kusini ya ikweta, na siku za karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba jua hupita utosini. Wengi huvua hudi wakidhani haina kazi. Ibakize: mchanga mweupe na maji vinarusha mwanga kutoka chini, na ulimi wa chini wa hudi ndio unaoukinga.

SWALI: Nafanya kazi ya harusi. Hudi ya 70-200 f/2.8L IS II imepotea ukumbini. Halisi ni ghali. Ya kuiga niliyoiona inang'aa ndani. Halafu kijana wangu anayetumia kamera ndogo analalamika kivuli cha nusu duara chini ya picha.
*Mpiga picha, Majengo*

JIBU: Kodi ya hudi yako ni ET-87, yenye kitufe cha kufungia. Kwa lenzi ndefu namna hii hudi ni ya lazima ukumbini, maana taa za LED za wapiga video zinasimama pembeni usawa wa macho, hapo hapo ambapo hudi ndefu inafanya kazi yake vizuri zaidi. Chukua ya kuiga ikiwa kitufe kinarudi chenyewe ukikiachia na hudi haichezi. Huo mng'ao unatibika.

Kwaruza ndani kwa msasa wa namba 400, kidogo tu, mpaka mng'ao upotee. Osha kwa maji na sabuni, acha ikauke kabisa. Funika kwa selotepu ya karatasi meno yote, kitufe na nje nzima. Usiache meno wazi: rangi inaongeza unene, na hudi iliyoingia vizuri jana itakwama leo. Pulizia rangi nyeusi isiyong'aa ya kopo kwa umbali wa sentimita 25 hivi, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukiachwa ukauke. Mkono mmoja mnene utatiririka na kuacha michirizi inayong'aa, ukarudi ulikotoka. Baada ya hapo iache siku nzima kwenye hewa kabla ya kuivisha, kwa sababu mvuke wa rangi mbichi unaweza kutua kwenye kioo.

Wapo watakaokushauri kubandika kitambaa cha mahameli ndani. Kinameza mwanga kuliko rangi, hilo ni kweli. Lakini kwa unyevu wa pwani hii kinashika maji, na hudi iliyogeuzwa nyuma-mbele ndani ya begi lililofungwa inakuwa makao ya ukungu sentimita chache kutoka kwenye lenzi ya thamani. Kwa Mombasa tunachagua rangi.

Kijana avue hudi kila anapotumia flashi ya kamera yenyewe, ile inayochomoza. Flashi hiyo iko chini sana, na hudi inaikata mwanga. Akipata flashi ya kupachika juu, kivuli kwa kawaida hakifiki.

SWALI: Hudi ya chuma imekwama kwenye nyuzi baada ya kazi ya ufuoni. Nimeambiwa niweke friji au nitie mafuta.
*Msomaji, Bamburi*

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ukiitoa friji, hewa yetu itageuka matone juu ya vioo, na huenda hata ndani. Mafuta nayo hutambaa. Yakifika kwenye visu vya tundu la lenzi, kazi ni ya fundi.

Elekeza lenzi chini, piga piga nyuzi kwa brashi laini ili mchanga uanguke nje. Zungushia hudi mpira wa kufungia noti, ule mpana. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, usiibane kwa vidole viwili. Kuibana kunaifanya pete iwe yai na nyuzi zinajikaza zaidi. Weka kiganja chote juu ya mdomo wa hudi, kandamiza sawasawa, zungusha kinyume cha saa polepole. Ikigoma kabisa, mpelekee fundi wa kamera mwenye koleo la kufungulia filta.

Ikishatoka, osha nyuzi za hudi kwa maji ya kunywa, si ya kisima, maana visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Ikauke, kisha paka nyuzi unga wa ncha ya penseli, kidogo. Unapoirudisha, ianze kwa kuizungusha kinyume mpaka usikie nyuzi zikikaa, ndipo ukaze. Nyuzi zikipandana kwenye lenzi ya plastiki, chuma ndicho kinachoshinda na lenzi ndiyo inayoumia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nina 75-300 III na sina pesa ya hudi kwa sasa. Naweza kutengeneza?
*Mwanafunzi, Tudor*

JIBU: Unaweza, na lenzi yako ni ya kufaa kwa kazi hiyo kwa kuwa inataka duara tupu. Nunua karatasi ya foam nyeusi ya kazi za mikono, ya unene wa milimita 2. Zungusha uzi mbele ya lenzi, upime kwa rula. Tuseme umepata milimita 223. Ongeza 6 kwa ajili ya unene wa foam, kisha 20 za kupandisha: kata ukanda wa 249. Upana uwe milimita 80: 20 zikae juu ya lenzi, 60 zitokeze mbele. Bandika velkro kwenye milimita 20 za mwisho, upande mmoja ndani na mwingine nje, na uongeze mpira wa noti mahali inaposhika lenzi.

Usiisukume nyuma kupita kiasi. Mbele ya lenzi yako inazunguka, na usipoiachia nafasi foam itagusa pete ya zumu na mota itahangaika. Pima weusi kwa milimita 75, si 300, kama tulivyomweleza mwenzako wa Likoni. Ukiuona, punguza milimita 5 upande wa mbele, upime tena. Foam ikianza kung'aa kwa kushikwa shikwa, geuza upande wa ndani au kata nyingine.

SWALI: Sony yangu ilikuja na 16-50 ya zumu ya umeme. Natafuta hudi ya kuchomeka siipati.
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Hutaipata, kwa kuwa lenzi hiyo haina mifereji ya kuchomekea. Ina nyuzi za filta za milimita 40.5 tu. Zipo hudi fupi za nyuzi hizo, lakini kwa milimita 16 kwenye sensa yako hata kina cha milimita 10 kinataka kupanuka karibu 9 kila upande, kwa hivyo yenye kivuli cha maana itaingia kwenye picha. Ukiamua kununua, iwe nyepesi, pana mdomoni, na upime kwa 16. Kumbuka pia lenzi hujitokeza na kurudi yenyewe unapowasha na kuzima. Vua hudi kabla ya kuiingiza kamera kwenye pochi yenye kubana, ili mota isisukume ikiwa imezuiwa.